Injini ya Dizeli Imepatikana, Rejeta Je?



Katika matoleo yaliyopita tumeandika juu ya visima, juu ya vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na juu ya mabati ya zahanati. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuandike juu ya rejeta. Tunajua kuwa baadhi ya wajumbe wa kamati wataona hii ni habari ya mafundi, si ya parokia. Lakini maombi ya kutoa injini ya petroli na kuweka ya dizeli yanafika ofisini kwetu kila mwaka, na karibu kila bajeti ina mistari ile ile: injini iliyotumika, giaboksi, maunti, ufundi. Rejeta haimo. Kipoza oili, yaani kile kirejeta kidogo kinachopoza oili ya injini, nacho hakimo. Sisi wenyewe tuliwahi kuandika bajeti ya namna hiyo, na tunaeleza hapa yaliyotupata ili kamati nyingine zisilipe ada ya shule tuliyokwisha kulipa.

Gari lilikuwa Land Cruiser FJ75 ya zahanati, lenye injini ya petroli ya 3F, silinda sita, karibu lita 4. Ni injini imara, ila inakunywa mafuta kiasi cha kumkosesha usingizi mtunza hazina. Wahisani wakatusaidia kupata injini ya dizeli iliyotumika aina ya 1HZ, ile ya lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuiweka kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Chaguo hilo hatulijutii hata leo. Vipuri vyake vipo hadi miji midogo, na haina kompyuta ya kusumbua. Rejeta ya zamani ilikuwa haivuji, fundi akaiosha, akaunganisha mipira, gari likaondoka karakana likiimba.

Wiki sita lilikwenda vizuri. Kisha siku moja ya mwezi Novemba lilitumwa kumchukua mama mjamzito upande wa Kyela kumpandisha Tukuyu. Wanaoifahamu njia ile wanajua: Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto lake ni la kunata, na ukitoka huko barabara inapanda muda mrefu. Gari lilikuwa limejaa watu na mizigo, kama kawaida yetu. Nusu ya kupanda rejeta ilichemka. Dereva alifanya lililo sahihi, akasimama, lakini sindano ya geji ilipomwonya joto lilikuwa limeshafanya kazi yake na silinda hedi ilikuwa imepasuka. Mama yule alihamishiwa kwenye Coaster iliyokuwa ikipita, na tunamshukuru Mungu alijifungua salama. Gari lilikaa karakana miezi minne kusubiri fedha za hedi nyingine, na bei ya hedi ile na gasketi zake ilipita mbali bei ya rejeta ambayo hatukuinunua.

Joto linatoka wapi

Watu husema dizeli haichemki haraka. Kwenye foleni, au gari likisubiri nje ya kanisa na injini inaunguruma, ni kweli, kwa sababu dizeli isiyo na mzigo inachoma mafuta kidogo sana kwa hewa nyingi. Mlimani hali inageuka. Chukua shilingi tatu za mafuta: kwa makadirio ya jumla moja inasukuma gari, moja inatoka kwenye ekzosi, na moja inabaki kwenye chuma cha injini. Hii ya tatu lazima iondolewe na maji na oili, la sivyo chuma kinaharibika.

Si dizeli zote zinagawa shilingi hizo sawa. Katika 1HZ mafuta yanaanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, kisha moto unapita tundu jembamba kwenda kwenye pistoni. Injini za namna hiyo ni tulivu na zinavumilia mafuta yasiyo safi sana, lakini zinapeleka joto jingi kwenye kuta za hedi, na kutoka hapo kwenye maji. Dizeli inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kama 300Tdi ya Land Rover, inapeleka kidogo zaidi kwenye kazi na kidogo pungufu kwenye maji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi si injini ina nguvu kiasi gani tu, bali inachoma mafuta kwa njia ipi, na je, ina turbo.

1HZ inatoa karibu kilowati 96 ikikanyagwa mpaka mwisho. Kwa makadirio ya karakana tunahesabu kilowati 70 za joto kwenye maji. Jiko la umeme la koili moja ni kama kilowati moja na nusu, kwa hiyo fikirieni majiko zaidi ya 40 yamewashwa pamoja chini ya boneti. Ili kubeba joto hilo huku maji yakipungua nyuzi 7 tu kati ya kuingia na kutoka kwenye rejeta, pampu lazima izungushe karibu lita 140 kwa dakika, yaani ndoo saba za lita 20. Hapo ndipo tulipogundua kosa letu la pili. Mdomo wa rejeta ya zamani haukulingana na mpira wa injini mpya, na fundi alichomelea kipande cha bomba jembamba ili vikutane. Ndoo saba haziwezi kupita kwenye koo lile.

Juu ya mwinuko tuseme kidogo. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo feni inasukuma hewa haba. Injini isiyo na turbo nayo inapata hewa haba, nguvu zake zinapungua na joto lake pia, basi mambo yanakaribiana. Yenye turbo haipungui hivyo; inaendelea kuchoma karibu kama ilivyokuwa chini, huku rejeta ikipata hewa pungufu. Na maji yenyewe kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, isipokuwa kama kifuniko cha rejeta kinashika presha. Kifuniko kizima cha 0.9 kinayasogeza hadi kama nyuzi 115 kwenye mwinuko huo. Kile kipande kidogo cha chuma na raba ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, na ndicho tunachokuta kimechoka mara nyingi kuliko vyote.

Kuchagua rejeta

Njia fupi na bora ni kutafuta rejeta ambayo kiwanda chenyewe kiliweka kwenye gari la umbo lile lile lenye injini ile ile. Kwa gari letu jibu lilikuwa rejeta ya HZJ75, ambayo ni Land Cruiser ile ile iliyotoka kiwandani na 1HZ. Midomo inalingana, kava la feni linalingana, wahandisi wameshapiga hesabu. Tungelijua hilo mapema tusingeandika makala hii.

Jihadharini na rejeta inayouzwa kwa jina tu. Dukani utaambiwa "hii ya Land Cruiser", nayo ina safu mbili za mirija mahali pa tatu au nne. Hesabuni safu kwa kuangalia ndani kupitia mdomo wa kujazia maji, na pimeni unene wa moyo wa rejeta kwa rula. Pia tazameni mapezi, vile vibati vyembamba kati ya mirija. Mapezi yaliyobanana sana yanapoza vizuri siku ya kwanza, lakini kwenye njia zetu za matope na mbegu za nyasi yanaziba. Sisi tunapendelea yaliyoachana kidogo na moyo mnene zaidi.

Halafu kuna suala la shaba au alumini. Alumini ni nyepesi na inapoza vizuri, hatuwezi kuisema vibaya kwa hilo. Lakini nyingi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa pembeni, na plastiki ikipasuka Ludewa au Makete huwezi kuichomelea. Rejeta ya shaba inazibwa kwa risasi na fundi yeyote mwenye jiko la mkaa na mkono mtulivu. Kwa gari la mjini tungesema chukueni yoyote. Kwa gari la zahanati ya kijijini tunasema shaba.

Feni na kava lake havitenganishwi na rejeta. Injini mpya mara nyingi inakaa nyuma au mbele kidogo kuliko ya zamani, na feni inajikuta mbali na rejeta au haiko katikati. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Kava liwepo, liizibe rejeta pande zote, na mabawa ya feni yaingie ndani yake kama nusu ya upana wake, yakiacha nafasi ya sentimita mbili hivi pembeni. Tuliwahi kuona gari ambalo tatizo lake lote liliisha kwa kava la bati lililokatwa karakana. Feni za umeme hatuzishauri kwa magari haya. Zinakula betri, na zinakufa kwenye maji ya mto.

Kipimo cha kudai kabla ya kulipa

Hapa ndipo tungependa kila kamati isome mara mbili. Fundi akisema "haichemki", ameipima lini na wapi? Gari linaweza kupanda asubuhi ya Julai bila shida na likachemka mchana wa Novemba. Kipimo chenye maana ni tofauti kati ya joto la maji yanayotoka kwenye injini na joto la hewa ya nje, gari likiwa limebeba mzigo wake kamili na kupanda mlima kwa muda usiopungua dakika kumi. Thamostati ikishafunguka yote, tofauti hiyo inabaki karibu ile ile hewa iwe baridi au moto.

Tulipopima gari letu baada ya kuweka hedi nyingine, tukiwa bado na rejeta ya zamani, hewa ilikuwa nyuzi 24 na maji yalifika 92. Tofauti ni 68. Dereva akafurahi, maana 92 si mbaya. Lakini jumlisheni 68 na nyuzi 34 za mchana wa Kyela, mnapata 102, na hapo hamjabeba mgonjwa, wala rejeta haijapata vumbi. Baada ya kuweka rejeta ya HZJ75 na kava lake, hewa ilikuwa 27 na maji 88. Tofauti ikawa 61, na mchana wa Kyela ni 95. Hiyo tuliikubali.

Tumieni geji yenye namba, siyo ile ya dashibodi. Geji nyingi za magari ya miaka ya 1990 na kuendelea zimetengenezwa zikae katikati hata joto likibadilika nyuzi nyingi, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi. Matokeo yake ni kwamba sindano inapoanza kupanda umeshachelewa, kama ilivyomtokea dereva wetu.

Oili nayo

Maji yanapoza hedi na silinda, lakini chini ya pistoni na kwenye metali za krenki kinachofanya kazi ni oili. Kwenye injini ya turbo mzigo ni mkubwa zaidi, kwa sababu oili hiyo hiyo inapita kwenye shafti ya turbo iliyo karibu na moto wa ekzosi. Oili inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 120 hivi. Ikikaa juu ya 130 kwa muda inazeeka haraka, inakuwa nyepesi mno, presha inashuka.

Vipoza oili viko vya aina mbili. Kuna kinachopozwa na maji, ambacho kimefichwa ubavuni mwa injini. 1HZ inacho hicho. Uzuri wake ni kwamba asubuhi maji yanasaidia kuipasha oili, na hakuna bomba la nje la kupigwa na jiwe. Lakini joto la oili halipotei, linahamia kwenye maji na hatimaye kwenye rejeta ile ile. Kwa hiyo mwenye 1HZ hanunui kipoza oili kingine. Anahakikisha rejeta inatosha yote mawili, na anakifungua kile cha ndani kukisafisha na kukipima kwa presha kabla injini haijaingia kwenye gari. Kikitoboka, oili inasukumwa kwenye maji na rejeta inajaa kitu kama uji wa kakao. Mafundi wengi wakiona hivyo wanakimbilia kufungua hedi. Anzeni na kipoza oili. Tumeshuhudia hedi nzima ikifunguliwa bure.

Aina ya pili kinapozwa na hewa, kwa mirija na mapezi kama rejeta ndogo. Ndivyo ilivyo kwa Land Rover za 200Tdi na 300Tdi, ambapo kimekaa mbele pamoja na rejeta, na kwenye kikalio cha filta kuna thamostati inayozuia oili isiende huko mpaka ipate moto. Thamostati hiyo si pambo. Kule Kitulo Juni na Julai kuna barafu ya asubuhi juu ya nyasi. Oili ikipozwa tangu gari linapowashwa inabaki nzito, na unyevu ulioingia ndani hauvukizwi, unageuka tope jeupe chini ya kifuniko cha oili. Anayefunga kipoza cha hewa kwenye injini isiyokuwa nacho anunue na thamostati yake.

Wapo Uingereza waliofunga 200Tdi kwenye Land Rover za zamani wakaunganisha tu mabomba ya oili bila kipoza, na magari yanatembea. Ni nchi ya baridi, na magari mengi ya namna hiyo ni ya safari fupi. Kwa gari la kupanda milima likiwa na turbo na watu kumi, tunasema kipoza kiwepo.

Sasa kosa letu la tatu, ambalo linatuuma zaidi kwa sababu hatukuwa na udhuru. Land Rover moja ya elimu ya afya ilipewa injini ya 300Tdi nzuri, na safari hii tulikuwa werevu, tukanunua na rejeta yenye kipoza oili chake, vyote viwili vya kiwanda. Rejeta ilitoka kwenye gari jingine lililokufa injini. Hatukuuliza lilikufa kwa nini. Lilikuwa limekula metali, na unga wa chuma ulikuwa umelala ndani ya mirija ya kipoza ukisubiri oili mpya iusukume. Oili kutoka kwenye kipoza kile inarudi moja kwa moja kwenye njia ya kulainisha krenki. Baada ya wiki tatu taa ya oili ikaanza kucheza, na tulipofungua sampu metali zilikuwa zimekwaruzwa mpaka shaba inaonekana.

Mirija ile haisafishiki. Petroli, hewa ya kompresa, dizeli ya moto, vyote vimejaribiwa, na unga unabaki kwenye kona. Kipoza oili kilichotoka kwenye injini iliyokufa kitupwe, au kiuzwe chuma chakavu. Kipya ni sehemu ndogo ya bei ya injini.

Mabomba yake yawe ya mpira wa presha, ule wa mitambo ya haidroli, na ncha zake zibanwe kwa mashine dukani. Mpira wa mafuta na klipu ya kukaza kwa bisibisi haviwezi. Tundu la ndani lisipungue nusu inchi, mabomba yasigusane na chuma chenye ncha, na mbele pawekwe wavu wa kuzuia mawe. Kipoza kisifunike rejeta yote, maana hewa iliyokwisha kupata moto kwenye oili haina tena kazi kubwa kwenye maji.

Kwa kamati na kwa wahisani

Kuanzia mwaka huu tunaomba bajeti zote za kubadilisha injini zije na mistari hii ikiwa imejazwa: rejeta ya injini husika, kifuniko, kava la feni, mipira na thamostati, kipoza oili au kazi ya kukipima kilichopo, na geji yenye namba. Tunafahamu kwamba jumla itapanda na kwamba mhisani anapenda kuona fedha zake kwenye kitu kikubwa. Mhisani mpendwa, injini uliyotununulia ile mara ya kwanza ilikuwa nzuri. Sisi ndio tuliokuomba nusu ya kitu.

Malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe kabla ya safari ya kipimo. Mjumbe mmoja wa kamati apande gari lenyewe, aandike joto la hewa, joto la maji, mzigo na mahali, kisha fundi na dereva watie sahihi. Karatasi hiyo ibaki kwenye jalada la gari. Rudieni kipimo kila mwaka kwenye mlima ule ule. Tofauti ikiongezeka kutoka 61 kwenda 66, rejeta inaanza kuziba, na mnaosha mapema, kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

Madereva nao wakumbushwe habari ya maji. Maji ya kisima cha chumvi yanaacha gamba ndani ya mirija kama lile la sufuria ya chai. Kusanyeni maji ya mvua kutoka kwenye bati la zahanati, changanyeni nusu kwa nusu na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, na dumu moja la mchanganyiko huo likae nyuma ya kiti muda wote. Dumu la gari letu la Kyela limeandikwa kwa rangi nyekundu SI YA KUNYWA, baada ya abiria mmoja kulionja.

Fomu ya kipimo tumeichapa kwenye ukurasa wa nyuma wa toleo hili. Ikateni au mtoe nakala, na mtuletee zilizojazwa pamoja na taarifa ya robo mwaka.